Honda CB125F kwa anayeanza: uliza kilo kabla ya cc

Anayetafuta pikipiki ya kwanza huulizwa cc ngapi, yaani ukubwa wa injini. Mimi ningemuuliza kilo ngapi. Honda CB125F, toleo la 2021, ina kilo 117 tangi likiwa limejaa, na hilo ndilo lililonifanya niichague.

Mimi ni mfupi. Kiti chake kiko milimita 790 kutoka chini, kwa hiyo nikisimama nafika kwa vidole, visigino vinaning'inia. Muuzaji alipoona hivyo akanivuta kwenye Rebel 300, ya Honda hiyo hiyo, ambayo kiti chake kiko milimita 690. Kweli, nyayo zilitua zote. Ila ile inakaribia kilo 170. Zima injini, ingiza gia huru, kisha irudishe nyuma kwa miguu penye mteremko mdogo tu, utajua nyayo kutua si kila kitu. CB125F ikianza kuinama upande, paja na mkono mmoja vinatosha kuisimamisha.

Na anayeanza hana mwendo wa kujivunia. Kazi yake ni kugeuza penye nafasi finyu, kuondoka bila kuzima, kutambaa nyuma ya gari. Hapa klachi, ule mkono wa kushoto unaotenganisha injini na gurudumu, ndiyo yote. Ya hii ni laini, na mahali inaposhika panajulikana: kwenye ardhi tambarare iachie taratibu, bila kuvuta mafuta kabisa, pikipiki inaanza kusogea yenyewe. Rudia hilo mpaka vidole vya kushoto vizoee, ndipo uongeze mafuta. Ukizima, starta yake haina ule mlio wa meno kusagana. Unabonyeza, injini inawaka kimyakimya, hakuna anayegeuka kukutazama. (Kwa mwenye aibu kama mimi, hilo lina thamani kuliko taa za LED.)

Breki zinahitaji maelezo. Mbele ni diski, nyuma ni dramu, na ukikanyaga ya mguu, ya mbele nayo inashika kiasi. Inamsaidia mgeni ambaye mguu hutangulia mkono. Lakini hii si ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga. Ukishtuka ukabana ya mkono kwa nguvu kwenye lami iliyoloa, tairi la mbele linaweza kujifunga, na hapo wepesi wa pikipiki hautakuokoa.

Mafuta inakula kidogo mno. Honda wenyewe wanataja lita 1.5 kwa kilomita 100, na tangi ni la lita 11.

Kasoro? Nguvu. Nguvu za farasi hazifiki 11 na gia ni tano. Ukimbeba mtu kwenye mlima mrefu utashuka gia mbili, na bado malori yatakupumulia mgongoni. Upepo wa pembeni nao unaisukuma, kwa sababu ya wepesi ule ule ninaousifu. Kama safari zako nyingi ni barabara kuu za mwendo kasi, tafuta yenye injini kubwa zaidi, na ukubali uzito wake.

Ukinunua iliyotumika, angalia kwanza ncha za usukani, ncha ya mkono wa klachi na vikanyagio. Mikwaruzo hapo ni kawaida, maana mwenye nayo wa kwanza huenda alikuwa mwanafunzi kama wewe. Usukani ukiwa umekaa upande wakati tairi limenyooka, hiyo iache.