Walimpima baba kabla hatujalipa, baada ya hapo wakakataa

Jina la kliniki silitaji, ila ni India, na hasira yangu bado haijapoa.

Mzee wangu mishipa ya mguu wa kushoto imeziba. Aliyeuguza ugonjwa huu anajua usiku wake: mgonjwa anaketi ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia ili damu ishuke, na kidole kina kidonda kisichosikia dawa. Dar tuliambiwa tujiandae kwa kukatwa. Ukoo ukachanga, tukaenda kwenye tiba ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Walivuta uboho kwenye mfupa wa nyonga, wakachuja seli, wakamchoma sindano kwenye kigimbi. Hapo sina neno. Wauguzi walimhudumia kwa upole sana.

Kilichoniudhi ni kipimo. Siku ya kwanza, kabla hatujalipa, walimpima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, wakagawa ya mguu kwa ya mkono. Ikishuka chini ya 0.9 mishipa ina tatizo. Ya baba haikufika 0.5. Karatasi ikasukumwa mbele yetu: mnaona hali ilivyo mbaya, msichelewe! Tuliporudi miezi kadhaa baadaye nikaomba kipimo kilekile. Mratibu wa wagonjwa wa kigeni, macho kwenye simu, akanijibu: "Maumivu si yamepungua? Unataka nini tena?" Baba yupo palepale, anasemwa kama hayupo. Nilipokazania, akasema kipimo hicho hakimo kwenye malipo yetu. Kupima presha tu, baada ya pesa yote ile!

Maumivu yamepungua kweli. Kidonda kimefunga, alhamdulillahi. Lakini mzee ameacha pia sigara aliyovuta tangu ujana, anameza aspirini na dawa ya kolesteroli, na kila asubuhi anatembea. Nitajuaje ni kipi kimemsaidia? Utrecht, Uholanzi, walitoa utafiti mwaka 2015: wagonjwa 160 wa mishipa ya miguu kuziba, wengine wakapewa seli za uboho wao, wengine kitu kisicho na seli hizo. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya maumivu, na seli hazikupunguza idadi ya waliokatwa miguu. Kwa hiyo kuniambia "maumivu yamepungua" si jibu. Najua hata namba peke yake isingemaliza ubishi, lakini ni mguu wa baba yangu, na namba yake ni haki yake.

Halafu walitupigia debe kwamba serikali ya India imeidhinisha. Kibali cha mwaka 2016 kilikuwa cha dawa ya seli za wachangiaji, kwa wagonjwa wa Buerger, ugonjwa wa mishipa ya mikono na miguu unaowapata wavutaji wa tumbaku. Baba alichomwa uboho wake mwenyewe. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na wao wanalijua hilo kuliko mimi.

Nilikusudia kutoa nyota tatu. Baba hataki hata niandike. "Mwanangu, mguu si ninao? Waache." Nikimwona anakwenda msikitini kwa miguu yake, ulimi unakuwa mzito kumwambia mtu asiende. Nikimkumbuka yule mratibu, nasema msipeleke wazazi wenu pale. Basi nyota mbili, na ya pili ni ya wauguzi tu. Na kama lazima uende, usitoe hata shilingi kabla hawajaandika kwenye hati ya malipo kwamba kipimo cha presha ya mguu kitarudiwa.