Tahadhari: anayeuza kozi ya kanzidata na "Access ya simu" kwa walioitwa kwenye usaili

Wakuu, kama umeitwa kwenye usaili na tangazo limetaka mtu anayejua kanzidata (database, yaani taarifa zilizopangwa kwenye majedwali ya kompyuta), soma hapa kabla hujatuma hela kwa yeyote.

Kuna jamaa yumo kwenye magrupu ya ajira ya WhatsApp. Anaibuka majina yakishatoka, maana anajua watu wana presha na siku ni chache. Tangazo lake: Access (programu ya kanzidata ya Microsoft) na SQL (lugha ya kuipa kanzidata amri) kwa siku 3, cheti juu, elfu 35. Mdogo wangu kalipa. Alichopata ni PDF za mafunzo yaliyo bure mtandaoni, zimegongwa nembo ya jamaa. Kisha akadaiwa elfu 20 ya "kuwezesha programu", akatumiwa faili la APK (la kusakinisha programu kwenye simu ya Android), eti ni Microsoft Access ya Android. Alipohoji, akablokiwa.

Hela zimeenda, sawa. Hilo faili ndilo baya zaidi. Access ni ya kompyuta yenye Windows; Microsoft hawajatoa ya Android, hata ya Mac hakuna. Lilipofunguliwa likaomba ruhusa ya kusoma meseji. Programu ya majedwali inatafuta nini kwenye meseji zako? Humo ndimo zinamoingia namba za uthibitisho na taarifa za miamala. Kama umeshalisakinisha, zima data, lifute, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, na uwapigie mtandao wako kuhusu akaunti ya pesa.

Cheti nacho anadai ni cha Oracle, kampuni ya programu za kanzidata. Cha kweli kinapatikana kwa mtihani, na mwajiri anaweza kukihakiki mtandaoni. Ukiwasilisha cha kughushi, kesi ni yako, yeye hayumo.

Na kwenye usaili wa vitendo unakalishwa mbele ya kompyuta, cheti kikiwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo siku zilizobaki fanya mazoezi. Programu za kanzidata za LibreOffice Base na SQLite ni za bure kabisa. Huna kompyuta, nenda intaneti kafe. Tengeneza jedwali la wateja na la mauzo, kila moja liwe na ufunguo mkuu (namba isiyojirudia ya kila mstari), uyaunganishe kwa namba ya mteja. Kisha amri za SQL: SELECT (kuchagua), WHERE (kuchuja), ORDER BY (kupanga), GROUP BY (kuweka kwa makundi). Komaa zaidi na JOIN (kuunganisha majedwali), hapo ndipo wengi wanakwama: INNER JOIN inakuletea wateja walionunua tu, LEFT JOIN, ukianza na jedwali la wateja, inaleta na ambaye hajawahi kununua. Ukiambiwa ni Access, ongeza kwiri (maswali unayoiuliza kanzidata), fomu na ripoti.

Kwa walioko Tanzania, akikutumia namba ya malipo kwa meseji ya kawaida, ipeleke meseji hiyo 15040, namba ya kuripoti utapeli, halafu tuma namba iliyoituma. Jina la biashara anabadilisha kila mara, ila ile "zimebaki nafasi 5 tu" haibadiliki. Mwenye picha za chati zake aziweke hapa, ila afiche namba yake mwenyewe kwanza.