Kingamwili za korona kwa watoto: damu ya shuleni au masalio ya maabara?

Katika jimbo la Zurich, Uswisi, mradi wa Ciao Corona ulianza katikati ya 2020: shule 55 zikachaguliwa bila upendeleo, watoto wapatao 2,500 wakatolewa damu ili kutafuta kingamwili, ambazo mwili huunda baada ya kuambukizwa au kuchanjwa, kisha watafiti wakarudi tena na tena. Nchini Marekani, CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, ilitafuta kingamwili hizo katika damu iliyobaki maabara baada ya vipimo vya kawaida.

Masalio hupatikana haraka, wala mtoto hachomwi sindano ya ziada. Ndiyo yaliyoonyesha kuwa kati ya Desemba 2021 na Februari 2022, aina ya kirusi iitwayo Omicron ilipovuma, watoto wa chini ya miaka 12 waliowahi kuambukizwa walipanda kutoka takriban 44% hadi 75%. Zilitafutwa kingamwili za nukleokapsidi, protini iliyo ndani ya kirusi, ambazo chanjo za huko hazizalishi, hivyo aliyechanjwa tu hakuhesabiwa. Lakini mtoto anayepimwa damu hospitalini ana sababu ya kuwa pale. Hawawakilishi wenzake wote.

Shuleni unapata zaidi: kingamwili za mtoto yuleyule zimedumu muda gani, na je, darasa zima liliambukizana? Hadi Novemba 2020, Zurich ilikuta madarasa machache tu yenye watoto kadhaa walioambukizwa. Hilo ndilo jibu ambalo wazazi na walimu walilihitaji mno. Gharama yake ni ridhaa, wauguzi na muda.

Kujua wangapi wameambukizwa, masalio yanatosha. Kuamua kufunga shule, ningedai ushahidi wa aina ya Zurich.