TAHADHARI: Dawa ya kuosha injini ya kwenye chupa za maji inayouzwa hapa Tanga inakula injini na mikono

Ndugu zangu wa Tanga mjini, hasa wenye magari madogo, naomba msome mpaka mwisho na muwatumie wenzenu.

Kuna kijana anazunguka na pikipiki akiuza maji ya bluu kwenye chupa za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu. Mimi alinikuta Chumbageni, jirani yangu kauziwa Ngamiani, na shemeji yangu alimwona Kange upande wa stendi. Chupa moja shilingi 12,000, ukichukua mbili anakuachia kwa 20,000. Haina lebo wala jina la aliyetengeneza. Yeye anaiita "dawa ya injini" basi. Risiti hana. Namba aliyonipa haipatikani tangu jioni ya siku ileile.

Anavyouza ndivyo anavyokupata. Anatoa kwenye begi kipande cha gia ya chuma kilichoganda grisi nyeusi ya miaka, anakitumbukiza kwenye kopo lenye ile dawa, anakisugua na mswaki, anakisuuza. Kinatoka kinang'aa. Nimekiona kwa macho yangu na nimekishika. Pale hakuna kiini macho chochote, grisi imetoka kweli, na ndiyo maana watu wazima wenye akili zao tunatoa hela. Uongo wake uko kwenye kile kipande alichokichagua: ni chuma. Sehemu nyingi za nje za injini ya gari lako si chuma, ni aluminiamu.

Halafu anakupa maelekezo. "Bosi, washa gari dakika kumi injini ipate moto, mwagia chupa nzima, acha robo saa, kisha piga maji ya presha." Yashikeni maneno hayo, maana kila moja lina madhara yake.

Nilifanya Jumamosi asubuhi nyumbani, mimi na mdogo wangu, kwenye IST yangu. Mimi namwaga, yeye anasugua kwa brashi. Haikufika dakika, mwili wa altaneta na kava la mbele la mnyororo vikaanza kutoa povu na kuchemka kama mafuta unapotumbukiza andazi. Ukapanda mvuke mkali wa kukohoza. Nikadhani ndiyo uchafu unatoka. Povu lilipotulia, aluminiamu iliyokuwa ya kijivu ilikuwa imekuwa nyeusi kama chungu cha kuni, na ukipitisha kidole unahisi vishimo vidogo vidogo. Mabomba ya AC nayo hivyohivyo.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, mbona mikono inateleza?" Akajifuta kwenye suruali, akaendelea. Baada ya muda akaanza kulia kwa uchungu, mtu mzima. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa imelainika na kubanduka. Tulimweka chini ya bomba la maji muda mrefu, kisha hospitali. Anaendelea vizuri lakini mkono wa kulia bado hajaweza kukunja ngumi.

Gari nalo nilipolipiga maji likakataa. Lilipowaka likawa linatetemeka na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Fundi alifungua koili akakuta maji yamejaa kwenye mashimo ya plagi. Koili mbili zimekufa, altaneta imebadilishwa. Kwa dawa ya elfu kumi na mbili.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja jirani yetu anayepika sabuni za miche. Nilimpelekea kilichobaki kwenye chupa. Hakunusa sana. Alichukua mfuniko wa sufuria mbovu, akadondoshea matone machache, tukakaa kuangalia. Ukaanza kuchemka palepale, na tuliposuuza pakabaki doa jeusi. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni kostiki soda. Ndiyo ninayopikia sabuni. Mimi siishiki bila glavu za mpira, na sufuria yangu ya sabuni haiwi ya aluminiamu hata siku moja."

Basi ndivyo ilivyo. Kostiki soda inageuza mafuta ya mimea na ya wanyama kuwa sabuni, na hata grisi ya gari inailegeza ikaachia chuma. Lakini mafuta ya ngozi yako nayo inayageuza sabuni, na ule utelezi aliousikia mdogo wangu ulikuwa ngozi yake mwenyewe inaliwa. Chuma hakiguswi. Aluminiamu inayeyuka, na inapoyeyuka inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto kwa cheche ndogo tu. Sisi tulikuwa tumeinama juu ya boneti, injini ya moto, betri imeunganishwa. Nikikumbuka hapo usingizi unakata.

Na si chupa zote zina kitu kimoja. Ya jirani yangu wa Ngamiani ni ya bluu vilevile, lakini alipofungua ikanuka petroli waziwazi. Namshukuru Mungu hakuimwaga. Petroli haisubiri joto la injini ndipo itoe mvuke, inatoa hata penye ubaridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na jiko la mkaa la jirani. Kuna mafundi wetu wamezoea kuosha injini kwa petroli na wanasema hawajawahi kuungua. Naomba waache. Likitokea la kutokea, Zimamoto ni 114.

Najua kwa nini tunaosha injini hapa kwetu. Chumvi ya bahari na vumbi vikishikana na oili inayovuja, hata fundi hawezi kuona panapovuja. Kuosha si kosa, na wala hakuhitaji dawa ya ajabu. Injini iwe imepoa, uweze kuweka kiganja na kukiacha. Toa kichwa cha hasi cha betri kwanza. Funika kwa mifuko ya plastiki altaneta, boksi la fyuzi, koili na mdomo wa kuvutia hewa, ufunge kwa raba isipeperuke. Vaa glavu, na miwani kama unayo. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, brashi ya nywele laini, unasugua sehemu kwa sehemu bila kuacha sabuni ikaukie. Palipoganda sana rudia mara ya pili na ya tatu. Kusuuza ni kwa kitambaa kilicholowa au maji ya kunyunyiza taratibu, mashine ya presha iache kabisa. Ukimaliza futa, acha boneti wazi mpaka pakauke, toa mifuko, ndipo urudishe betri na kuwasha. Yale maji machafu usiyaelekeze kwenye mtaro, yanaishia baharini tunakovua.

Ukitaka dawa ya dukani, nunua yenye lebo, jina la mtengenezaji na risiti. Soma viungo. Ukiona kostiki soda, au sodiamu haidroksaidi, au herufi NaOH, au ile alama ya mkono unaoliwa na matone, irudishe hata kama muuzaji anakuapia. Na anayekwambia umwagie injini ya moto, muulize kwa nini. Huyu wangu sikumuuliza.

Mkimwona, msimpige jamani. Pigeni picha chupa na namba ya pikipiki, mzipeleke picha hizo polisi. Mimi nimeshatoa maelezo yangu na chupa nimeiacha hukohuko. Walionunua wakijitokeza wengi itakuwa rahisi kumpata.

La mwisho, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Kama unayo hiyo chupa nyumbani sasa hivi, inuka uiangalie ilipo. Ni chupa ya maji ya kunywa, ina kitu cha bluu kama juisi, na mtoto hawezi kujua. Iandike SUMU kwa maandishi makubwa, iweke juu na ifungiwe. Usiimwage chooni wala usimpe mtu. Ikimrukia mtu mwilini au machoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usipake siki wala ndimu, kisha hospitali. Mtoto akiinywa usimtapishe, kwa sababu inaunguza mara ya pili inapopanda. Msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na chupa uende nayo daktari aione.