Siku nne Usambara na mwongozaji wa Lushoto: uzoefu wangu

Mimi na rafiki yangu tulipanga safari hii wiki tatu nzima kwa simu. Lushoto, msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, Mtae, kisha basi la kuturudisha Lushoto. Siku nne. Tulipakua ramani, tukazigawa kilomita kwa siku, tukaona kazi imekwisha. Mwongozaji tulimtafuta kwa kuwa hatukutaka kuingia msituni wawili tu. Leo mtu akiniuliza pesa ipi ilikwenda mahali pake katika safari ile, nitamjibu ni ile tuliyomlipa yeye.

Jioni ya kuamkia safari alitufuata tulikofikia, tukanywa naye chai. Aliisoma ratiba yetu yote kimya, halafu akauliza, "Wanangu, hiyo siku ya pili maji mtachota wapi?" Tukatazamana. Akaanza kupanga upya, safari hii kwa saa wala si kwa kilomita. Usambara huipandi mara moja ukashuka ukamaliza. Unateremka bondeni penye kabichi na viazi, unavuka kijito, unaukwea mgongo mwingine, na ukifika juu unaona bonde jingine linakungoja. Kilomita ambazo ufukweni Dar ungezimaliza kwa asubuhi moja, huko zinakula siku.

Kisha akatuambia tumwage mizigo kitandani. Hema likabaki: Lukozi na Mtae kuna nyumba za wageni, Rangwi tungelala kwa masista. Jiko la gesi nalo likabaki. Kutoka kilo 16 nikashuka hadi 10. Alichoongeza ni sweta la pili, na Mungu ambariki, maana ilikuwa Julai na baridi ya Magamba asubuhi inaingia hadi kwenye kucha. Ada ya kuingia msituni ni ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na inalipwa kwa namba ya malipo. Alitukumbusha tuilipe siku hiyo hiyo tukiwa mjini.

Njiani ndipo nilipoelewa kwa nini ramani peke yake haitoshi. Kuna mahali simu ilituonyesha njia, tukakuta shamba la maharage. Yeye alimwamkia mama aliyekuwa akipalilia, "Onga maundo," wakaulizana habari za nyumbani, na mama akatupitisha uani kwake hadi upande wa pili. Mgeni asiyejua Kisambaa angezunguka mbali.

Lalamiko langu kubwa ni la shanta. Nililikodi Dar kwenye duka moja, na siku ya pili, tukipanda kutoka Lukozi, kifungo cha mkanda wa kiunoni kilivunjika. Uzito wote ukahamia mabegani. Mwongozaji akatoa mfukoni ukanda wa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akaupitisha kwenye pete mbili za mkanda, akauvuta kwa meno na kuuzungusha mara tano, akachomeka ncha chini ya mizunguko. Haukulegea hadi Mtae. Nawaomba mnaokodi: msilipie shanta mkiwa mmelishika mkononi. Lijaze vitu vizito dukani, funga mkanda, panda ngazi nalo, ndipo utoe pesa.

Huduma ya mwongozaji nayo haikukosa dosari. Bei aliyotutajia haikuwa na chakula cha njiani, nasi tulilijua hilo tukiwa Lukozi, tumeshaagiza. Muulizeni mapema bei inabeba nini na nini. Pia asubuhi anakwenda mbio. Rafiki yangu, ambaye magoti yanamsumbua kwenye miteremko, ilibidi amwombe mara mbili apunguze mwendo. Alipoombwa alipunguza, na akamkatia fimbo.

Mtae tulifika jioni ukungu umetanda, hatuoni hata mita 20. Akasema tusiingie ndani kwanza. Tukakaa ukingoni tukiwa tumejifunika kanga, na kabla jua halijazama ukungu ukapasuka: chini kabisa, tambarare ya Mkomazi imenyooka hadi macho yanapochoka. Rafiki yangu alilia. Basi la kurudi linaondoka kabla ya alfajiri, kwa hiyo tiketi na kengele ya simu viwe tayari usiku.

Mwakani tunarudi, tunataka msitu wa Mazumbai. Tumeshamwomba atupangie yeye tangu mwanzo, na shanta nimenunua la kwangu.