TAHADHARI: Anauza "studio kamili ya nyumbani", saundikadi feki na programu ya "bure" kwenye boksi moja

Wadau, naandika nikiwa nimeshapoa. Wiki tatu zilizopita ningeandika matusi matupu.

Nimepigwa. Na mimi si mgeni wa mambo haya, nina miaka kadhaa ya kurekodi waimbaji chumbani kwangu na najua tofauti ya maiki ya kondensa (inayohitaji kupewa umeme) na ya kawaida. Aliyenipiga ana mtindo ambao sijaona mtu akiueleza, ndiyo maana nimekaa kuuandika kwa kirefu. Wenye haraka rukeni mpaka pale ninapozungumzia kugeuza polariti (kulipindua wimbi la sauti juu chini), kipimo hicho peke yake kinatosha kumuumbua.

Tangazo lilisema "studio kamili". Saundikadi (kifaa cha kuingizia sauti ya maiki na ala kwenye kompyuta) ya maingizo mawili yenye nembo ya kampuni kubwa (siitaji, maana haikunikosea, jina lake limeibwa kama mimi nilivyoibiwa), kebo, programu ya kurekodia yenye "leseni ya maisha", na plagini lukuki, yaani programu ndogo za kuongeza ala na madoido ndani ya hiyo kubwa. Bei ya vyote ilikuwa karibu nusu ya saundikadi hiyo peke yake. Najua mtasema bei tu ingetosha kunishtua. Ilinishtua, nikauliza. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mpole kabisa, kwamba ni mali ya mtu aliyefunga studio baada ya miezi miwili. Saundikadi za mkononi kweli zimejaa sokoni, watu hununua kwa pupa kisha wanagundua kuwa kurekodi ni kazi. Hadithi ikakaa sawa.

Nikaomba picha ya chini ya kifaa. Ikaja, lakini kidole gumba kimefunika namba ya utambulisho. Nikaomba nyingine, kidole kiko pale pale. Akasema, "Namba hiyo bosi wangu ni kama ya benki, nikiiweka wazi mtu ataisajili." Alijua kazi yake, kwa sababu hapo kuna ukweli. Namba ndiyo unayosajili kwenye tovuti ya mtengenezaji ili upewe programu za zawadi zinazoambatana na kifaa, na zawadi hizo zikishachukuliwa zimekwisha. Nikaona huyu ni mwangalifu kama mimi.

Mzigo ukafika. Malipo yalikuwa yameshikiliwa na mtandao wa mauzo mpaka mnunuzi athibitishe kuwa amepokea, utaratibu mzuri tu. Kabla sijachomeka hata kebo, ujumbe ukaingia: "Bonyeza umepokea, ndipo mfumo uachie leseni ya programu." Nikabonyeza. Leseni ya programu haina uhusiano wowote na kitufe hicho, na wakati huo huo nilikuwa nalijua hilo, lakini boksi lilikuwa mkononi, zito, limefungwa vizuri. Nikabonyeza.

Kisha akataka aniwekee programu mwenyewe. Nikaingiza AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aendeshe kompyuta yako akiwa mbali, nikampa namba ya kuingilia, akaanza kuzungusha kipanya changu. Cha kwanza alizima kinga ya virusi, eti inagombana na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa). Baada ya nusu saa kulikuwa na programu ya kurekodia, plagini, na ASIO4ALL. Nikajaribu sauti, ikaingia. Nikamshukuru!

Kwa wasiojua: ASIO ni njia iliyobuniwa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997, ili programu ya muziki izungumze na saundikadi moja kwa moja bila kupita kwenye mizunguko ya sauti ya Windows. Ndiyo inayomwezesha mwimbaji kujisikia kwenye hedifoni bila sauti kumfikia imechelewa. Saundikadi za maana huja na draiva yake ya ASIO. ASIO4ALL ni ya bure, si kitu kibaya, nami nimeitumia sana, ila kazi yake ni kukivalisha kifaa chochote cha sauti joho la ASIO, hata kile cha bei ya chini kabisa. Ukifungua mipangilio ya programu unaona ASIO imeandikwa, moyo unatulia.

Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Programu ile ya zawadi ilikuwa pazia. Ningenunua saundikadi peke yake, jambo la kwanza ningelifanya ni kwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, kupakua draiva na kusajili namba. Draiva halisi ingetafuta kifaa chake isikione, na usajili ungeikataa namba. Ningejua siku hiyo hiyo, pesa zikiwa bado zimeshikiliwa. Lakini kila kitu kilishawekwa na kinalia, ya nini kwenda huko?

Nilishtuka siku ya nne, nikimrekodi jamaa anayeimba huku anapiga gitaa. Maiki ya kawaida ingizo la kwanza, gitaa ingizo la pili kwa waya. Baadaye nikaisikiliza treki ya gitaa peke yake, namsikia anaimba. Nikadhani gitaa limedaka sauti yake. Ila aliimba kwa nguvu ile ile, kila pumzi. Nikageuza polariti ya treki moja, nikazicheza zote mbili pamoja kwa kiwango kimoja.

Kimya.

Treki mbili zikifanana kabisa, ukiipindua moja zinafutana, hakibaki kitu. Zisipofanana lazima kitu kisikike. Kimya kile kilikuwa na maana kwamba zile zilikuwa nakala ya treki moja, na kwamba ndani ya boksi lile mna mlango mmoja tu wa sauti. Matundu yalikuwa mawili na vitasa vya kuongeza sauti viwili, vyote vinamwaga mtaro mmoja.

Nikafungua orodha ya vifaa ya Windows, upande wa maelezo ya utambulisho. Kila kifaa cha USB hubeba namba ya mtengenezaji wake, inayoanzia na VID. Vifaa vya Focusrite kwa mfano hujitambulisha kwa 1235. Changu kilisema 0D8C, ambayo ni C-Media ya Taiwan, watengenezaji wa chipu ndogo za sauti tunazozikuta kwenye hedifoni nyingi za USB. Chipu haina kosa, inafanya ilichoumbiwa. Ila boksi liliandikwa biti 24 na kHz 192, vipimo vya ubora wa kurekodi, na Windows ilinionyesha biti 16 na mwisho kHz 48.

Hapa msikimbilie kumwita kila mtu tapeli, jina lisilofahamika kwenye orodha halitoshi. Behringer UM2 halisi hujionyesha kama "USB Audio CODEC" tu, na huishia biti 16 na kHz 48, lakini haidai zaidi ya hapo. Linganisheni kilichoandikwa kwenye boksi na kinachosemwa na kompyuta.

Maiki ya kondensa nayo ilikuwa bubu tangu mwanzo, ingawa taa ya 48V, yaani umeme ambao maiki hiyo hupewa na saundikadi, inawaka nyekundu safi. Nilipomuuliza, akaniambia maiki yangu imekufa. Kisha, sikilizeni hili, akaniuzia wazo la kisanduku cha pembeni cha kutoa 48V, kwa malipo ya ziada. Kidogo nikubali. Nikaazima mita ya umeme, nikachomeka kebo ya maiki yenye pini tatu (XLR), nikapima kwenye ncha inayoingia kwenye maiki: pini ya 1 na ya 2, kisha ya 1 na ya 3. Namba za pini zimeandikwa kwenye plagi yenyewe. Kipimo sahihi ni volti 48, na kiwango kinaruhusu kupungua au kuzidi kwa volti 4. Mimi nilipata 5. Volti 5 ndizo zinazotoka kwenye USB, na saundikadi halisi inayoendeshwa na USB ina sakiti ya kuzipandisha. Hii yangu ilikuwa na taa.

Nikafungua skrubu. Bodi ndogo kama kiberiti katikati, na pembeni kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ya moto. Ule uzito nilioupenda!

Upande wa programu ndio ulioniumiza zaidi. Wiki haikuisha, akaunti yangu ya barua pepe ikaingiwa, na chaneli ninayowekea kazi za wasanii ikageuka kutangaza sarafu za kidijitali. Nywila yangu ilikuwa ndefu, na uthibitisho wa hatua mbili ulikuwepo. Haukusaidia, kwa sababu wezi wa siku hizi hunyakua vidakuzi vya kivinjari, vile vijifaili vinavyokumbuka kuwa tayari umeshaingia, hawana haja ya kubisha hodi. Na mlango niliufungua mwenyewe, kinga imezimwa, mgeni ameshika kipanya.

Programu za muziki zilizokrakiwa zina historia ya aina hiyo. Juni 2019 kampuni ya usalama ESET ilieleza kuhusu LoudMiner, programu ya kuchimba Monero (sarafu ya kidijitali) iliyofichwa ndani ya nakala za wizi za plagini na programu kama Ableton Live. Walikuta tovuti moja yenye programu 137, za Windows na za Mac, na mchimbaji alikaa ndani ya kompyuta bandia iliyojificha kwenye kompyuta yako. Mlengwa amechaguliwa vizuri. Prodyuza ana mashine yenye nguvu, na akisikia feni inavuma anajua ni plagini zake.

Nilibadilisha nywila zote kwa kutumia simu, nikatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti zangu, nikafuta diski na kuweka Windows upya. Nilichookoa ni faili za WAV pekee, yaani rekodi zenyewe.

Kuhusu hizo "leseni za maisha": leseni ya programu hukaa kwenye akaunti yenye jina lako. Ya programu ya kurekodia ya Pro Tools, kwa mfano, hukaa kwenye akaunti ya iLok, mfumo wa kutunzia leseni. Anayekupa jina na nywila ya akaunti yake amekuazima tu, siku yoyote atakutoa. Na kwa anayeanza hakuna hata sababu ya kuingia huko. Kwa programu za kurekodia, REAPER inakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, Audacity ni ya bure moja kwa moja, mwenye Mac anayo GarageBand.

Ukinunua saundikadi ya mkononi, mwambie muuzaji mpigiane simu ya video, aichomeke ukiona, afungue maelezo ya kifaa, kisha aongee kwenye ingizo la pili pekee wakati anarekodi yote mawili. Muuzaji wa halali inamchukua dakika tano. Wangu nilimwomba hivyo kabla ya kununua, akasema kamera ya simu ni mbovu. Kamera iliyopiga zile picha. Na kitufe cha umepokea kisiguswe mpaka draiva ya mtengenezaji mwenyewe ikitambue kifaa, muuzaji alie, atishie, aseme lolote.

Nilipomtumia picha ya ile bodi alinizuia papo hapo. Mtandao wa mauzo uliondoa tangazo lake, lakini pesa sikurudishiwa, kwa kuwa nilishathibitisha kupokea.

Juzi nimemwona tena, jina jipya, maelezo yameandikwa upya, bei imepanda kidogo ili isishtue. Safari hii anatoa na hedifoni. Picha ya chini ya kifaa ni ile ile, na kidole gumba kile kile juu ya namba.