Kabla ya kuuliza wati, angalia nyekundu: balbu za LED za kununua na za kuacha

Kuna dada anashona gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, yuko Tororo, amenitumia picha mbili za nguo moja. Ya kwanza kaipiga usiku ndani ya karakana, ya pili asubuhi nje kwenye jua. Usiku uzi na kitambaa ni kitu kimoja, maruni juu ya maruni, huwezi kuona mshono umepita wapi. Asubuhi uzi umegeuka kahawia ya udongo, umezunguka shingo yote mpaka kwenye mikono, na mwenye nguo ana kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba nyumbani, Jumamosi. Sio yeye peke yake aliyelalamika. Mwenye saluni ananiambia rangi ya nywele anayochanganya jioni sio anayoiona mteja akifika nje, na mama wa vitenge hapa Busia mpakani anarudishiwa vitambaa na watu waliovichagua wenyewe, kwa macho yao, ndani ya duka lake. Wote walitoa taa za zamani wakafunga LED nyeupe, zile zinazoning'inia kwenye kila kibanda cha spea za umeme.

Kwa hiyo leo siwaambii habari ya wati, hiyo kila muuzaji anaijua. Nataka tuongee rangi, manake hakuna anayeiuliza na ndo inayowaharibia watu kazi.

Kwanza nieleweke, sipingi LED. Anayenunua umeme wa tokeni kwa pesa yake hawezi kupinga LED. Piga hesabu: balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku, mwezi mzima inakula yuniti 9. LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu uleule inakula yuniti moja na kidogo. Na zile yuniti 15 za mwanzo za mwezi, ambazo tunauziwa kwa bei ya chini, zina maana kubwa kwa mtu wa chumba kimoja, huwezi kuacha balbu moja ikumalizie tisa. Waliosoma kwa tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, moshi puani na masizi kwenye daftari, nao hawana haja ya kuambiwa uzuri wa taa inayowaka kwa umeme kidogo hivyo.

Lakini LED nyeupe ndani yake sio nyeupe. Ni chipu inayotoa bluu, juu yake wamepaka unga wa njano, na bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Hao waliotuletea LED ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia 2014 na walistahili kabisa, ila bluu na njano ukizichanganya vyovyote vile nyekundu inabaki haba. Balbu ya waya haina shida hiyo, ule waya wa tungsteni unapata moto mpaka unatoa rangi zote, na nyekundu inatoka kwa wingi. Ndo maana chini ya taa ya zamani nyama ilikuwa nyama na ngozi ya mtu ilikuwa na uhai, na sa hivi unaingia nyumba ya watu usiku unakuta wote wamepauka kama wagonjwa.

Kuna namba inayopima hili, kwenye boksi inaandikwa Ra au CRI. Balbu ya waya inapata 100. LED ya nyumbani iliyotengenezwa vizuri inapata 80, na Ulaya ndo kiwango cha chini kwa taa za ndani. Ikiwa 90 kwenda juu hiyo ni ya kushonea, ya kupaka rangi, ya kupodoa bibi arusi. Alafu shika na hili, manake hapa ndo wengi wanaangushwa: hiyo Ra ni wastani wa rangi 8 na zote zimepooza. Nyekundu iliyokolea inapimwa pembeni, inaitwa R9, haingii kwenye wastani. Yani balbu inaweza kuandikwa Ra 80 kwa haki kabisa huku R9 yake ikiwa karibu na sifuri, na hakuna aliyedanganya.

Msichanganye na Kelvin pia, hiyo ni namba ya rangi ya mwanga wenyewe. 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano, 6500 ni mweupe wa kubluu, na huo ndo wameuandika "deilaiti" kwenye boksi na watu wakaamini wananunua jua. Deilaiti inakwambia mwanga una sura gani, haikwambii utaonyesha rangi gani. Uzi wa kahawia ulioshonwa kwenye maruni ulishonwa chini ya deilaiti.

Maduka mengi hayana Ra kwenye boksi, kwa hiyo mimi natembea na kipande cha kadi nimezungushia nyuzi tano: maruni, kahawia, zambarau iliyokolea, bluu ya giza na nyeusi. Pale kaunta kuna holda ya kujaribia, mwambie akuwashie balbu unayoitaka, weka kadi chini yake, alafu toka nayo mlangoni uitazame kwenye mwanga wa nje. Kama maruni na kahawia zimekuwa ndugu pale kaunta, na bluu ya giza imekuwa nyeusi, rudisha. Kama huna nyuzi tumia nyanya iliyoiva, au kiganja chako mwenyewe. Muuzaji atanuna, mwache anune, pesa ni yako.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Philips na siwafichi kwamba naipenda. Kampuni inayozitengeneza inaitwa Signify tangu 2018 ila jina kwenye boksi ni lilelile. Ninachokipenda ni kwamba boksi linasema, lumeni, yani wingi wa mwanga, zimeandikwa, Kelvin imeandikwa, Ra imeandikwa, na nikiinunua leo nyingine nikanunua baadaye rangi zinalingana, chumba hakigawanyiki upande wa njano na upande wa bluu. Chukua ya 3000 kwa sebuleni na chumbani, ya 4000 kwa dukani. Wanazo hata taa ndogo za kumulika bidhaa, zinaitwa ExpertColor, Ra yake 97, na ningefurahi kuziona kwenye maduka yetu ya nguo badala ya kuzisoma kwenye katalogi.

Ya pili Osram, ambayo balbu zake za nyumbani siku hizi ziko chini ya Ledvance. Nzuri, inasomeka, ila huku mpakani kuipata ya pini ni kazi, nyingi zinakuja za skrubu na nyumba zetu nyingi zina holda za pini. Usinunue adapta ya kugeuza, zile za plastiki nyembamba zinalegea.

Ya tatu wengi watanishangaa, ni balbu ileile ya waya, au halojeni ukiibahatisha, moja tu, wati 40, juu ya cherehani. Sio ya nyumba nzima. Iwashe unapochagua uzi na unapolinganisha vipande, ukimaliza zima, kwa mwezi haitakula hata yuniti 2. Mwenye vifaranga naye asiitupe, LED haina joto la kuwatosha. Na wale wanaotega nsenene, panzi wa kula, kule Masaka kwa mataa makubwa, mabati na mapipa wana sababu yao ya kung'ang'ania taa zao za zamani, ingawa sio hizi za waya, wadudu wanafuata ule mwanga wa zambarau tusiouona, na LED za kawaida karibu hazinao.

Ya nne ni tyubu za LED za futi nne, kwa wenye darasa, kliniki au duka refu. Hizi tutazihitaji tu, manake nchi za mkataba wa Minamata, Uganda ikiwemo, zilikubaliana 2023 kwamba tyubu za zamani zenye zebaki zisitengenezwe tena wala kuuzwa nje ifikapo 2027. Lakini usichomeke tyubu ya LED kwenye fremu ya zamani ukadhani basi. Fundi asome karatasi yake: ipo inayotaka stata tu ibadilishwe, na ipo inayotaka choki itolewe kabisa na waya zifungwe upya. Zima meni kwanza.

Zile LED za bei rahisi, za shilingi elfu tatu, weka chooni na uani. Za kuchaji zinafaa umeme ukikatika, ila rangi yake ni ileile ya bluu.

Za kuzamishwa kwenye dari ya jipsamu sizipangi namba kwa sababu zinaniudhi. Zamani kikiungua kitu unabadilisha balbu, holda inabaki na kile kioo cha maua alichochagua mama kinabaki. Sasa taa na fremu ni kitu kimoja, draiva ndogo ya ndani ikifa unatupa sahani nzima, na ukirudi dukani saizi ile haipo tena, tundu kwenye dari limekuwa kubwa au dogo, unaita fundi wa jipsamu. Watu wanang'oa taa nzuri za ukutani zilizokaa miaka 30 kuweka hivi vitu.

Na wauzaji nao. Nimeuliza Ra kwenye duka moja kubwa tu, nikajibiwa, "Nyabo," yani mama, "zote ni LED." Nikataja Philips bei ikapanda hapohapo, kibandiko cha bei kipo lakini anakifunika na kidole. Duka jingine nimeshikishwa boksi la Philips ndani yake balbu ambayo maandishi yanafutika kwa dole gumba, ukiona hivyo iache palepale kaunta. Garantii ya miaka miwili imeandikwa kubwa ila risiti hakupi, au anakupa ya kuandika na kalamu isiyo na jina la duka, sasa utaidai kwa nani? Dai risiti yenye jina la duka na aina ya balbu, na aliyekuuzia feki mpeleke UNBS, shirika la viwango la Uganda, kupima bidhaa ndo kazi yao. Mtu anayeshona anaishi kwa rangi, ukimuuzia taa inayoficha nyekundu umemuuzia hasara, na ile gomesi ya Tororo imefumuliwa shingo nzima kwa wembe na hakuna aliyemlipa dada yule siku zake.

Aliyewahi kuiona balbu ya Ra 90 ya pini Busia, Mbale, Jinja au Kikuubo ya Kampala, aniandikie mtaa na bei aliyolipa. Nitaenda na kadi yangu ya nyuzi niijaribu kabla sijawatuma.